Saa Kumi na Nane

Ridha Masika alikuwa na sauti. Hilo hapakuwa na mtu wa kulibisha, si Mtambile wala kwingineko kusini mwa Pemba. Akitangaza kifo redioni, hata asiyemjua marehemu huacha anachofanya akasikiliza mpaka mwisho. Sauti hiyo alipewa bure na Mungu, na katika miaka yote aliyofanya kazi Redio Mlezi hakutakiwa kuwa na kingine. Ila mtu akizoea kusikilizwa kila afunguapo kinywa, mwisho huanza kuamini kwamba kila kinachotoka humo ni maarifa. Maneno haya ni ya Ridha mwenyewe, na kila akiyasema hucheka kabla ya mtu mwingine kucheka.

Redio Mlezi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Katika chumba cha mwisho, chenye feni isiyozimwa, ilikaa kompyuta waliyoiita seva. Hiyo ndiyo iliyopiga vipindi vilivyorekodiwa, adhana na matangazo, kila kimoja kwa wakati wake, bila ya mtu kuigusa. Aliyeitunza ni Rahila, binti wa kutoka Msuka, kaskazini mwa Pemba, aliyesomea mambo hayo Unguja. Mwezi wa Shaabani ulipokuwa ukingoni, Rahila alikuwa na mimba kubwa, naye alitaka kwenda kujifungua kwa mama yake. Bi Zulekha, mkuu wa kituo, akawaita wafanyakazi wote.

"Rahila anakwenda kwao," alisema. "Ramadhani hii hapa. Seva abaki nayo nani?"

Abrahman, mtangazaji wa michezo, alianza kuinua mkono. Ridha alikiona kidole kinapanda. Abrahman alikuwa bado kijana, ana simu mbili, na wasikilizaji walikuwa wameanza kumpenda.

"Niachieni mimi," Ridha alisema kwa ile sauti ya taarifa ya habari. "Kompyuta naijua zamani."

Kompyuta aliyoijua ni ya kuandikia barua na kuchezea karata. Lakini ilivyotamkwa, nani angeuliza? Abrahman akaushusha mkono.

Masomo yalianza siku ya pili. Ridha aliketi mbele ya kioo, akavuta mausi, mshale usitokee. Kioo kilikuwa cheusi, na pembeni juu kuna kijistari kinapepesa.

"Imezimika," alisema.

"Haijazimika, Ami," alisema Rahila. "Hii haina picha za kubofya. Unaiandikia unachotaka, nayo inafanya."

Ridha akaona hilo si jambo gumu kwa mtu wa maneno. Akaandika kwa adabu: tafadhali nionyeshe vipindi vya leo. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kwamba amri ya "tafadhali" haijulikani.

"Haina adabu hii," alisema.

"Haina, Ami. Wala haina haya. Haitakuuliza kama una hakika, na haitakukumbusha. Ukiiambia ivunje nyumba, itavunja."

Akamfundisha taratibu. Ukitaka kujua uko wapi, andika pwd. Ukitaka kuona kuna nini hapo ulipo, andika ls. Ukitaka kuhama, andika cd na jina la unakokwenda. Ridha aliyashika haraka, maana yalifanana na maswali ya mgeni anayeshuka gari mahali asipopajua: hapa wapi, pana nini, nashika njia gani. Kwa muda alijiona yu hodari. Kisha akaambiwa aandike neno lake la siri.

Alibonyeza herufi, hakuna kilichotokea kiooni. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akaigeuza kibodi juu chini akaikung'uta, zikamwagika chembe za mkate wa mofa.

"Inaandika, Ami, ila haionyeshi. Ndiyo siri yenyewe."

Basi akaandika tena polepole, na kwa kuwa hakuna neno ambalo Ridha aliwahi kulisoma kimoyomoyo maishani mwake, alilitamka herufi moja baada ya nyingine, kwa sauti nzito na ya kutulia. Kutoka chumba cha pili Abrahman akauliza, "Hiyo M ni kubwa au ndogo, Mzee?" Neno la siri likabidi libadilishwe.

Lakini kilichomtia hofu kweli kilikuwa jambo jengine. Alimwona Rahila, kila anapotaka kufanya jambo zito, anatanguliza neno sudo, na mashine inatii mara moja. Akauliza maana yake. Rahila akamwambia kwamba hilo ni neno la mwenye mamlaka, na kwamba yeye hajaruhusiwa bado. Ridha, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, alingoja Rahila aende kuswali, akaliandika. Mashine ikamtaka neno la siri, akatoa. Ikamjibu kwamba yeye hayumo miongoni mwa wanaoruhusiwa, na kwamba tukio hilo litaripotiwa.

Litaripotiwa! Wapi? Kwa nani? Ridha alirudi nyumbani. Akala kidogo. Akamwambia mkewe, Mwanawema, ampigie pasi kanzu nyeupe.

"Unakwenda harusini?"

"Naweza kuitwa mahali."

"Mahali gani?"

"Sijajua bado," alisema, na Mwanawema akamtazama vile wake wanavyowatazama waume wao wanapohisi kuna kitu kimevunjwa.

Asubuhi Rahila alimpokea mlangoni huku anajizuia kucheka. "Ami, jana ulijaribu sudo. Ripoti imenijia mimi."

Siku zilizobaki walifanya mazoezi ya kutengeneza folda na kuzifuta. Ridha alitengeneza folda akaiita kwa jina lake, ridha, akaingia ndani yake, na akiwa bado humo humo ndani akaifuta. Rahila alimwambia aulize yuko wapi. Mashine ikasema yuko ndani ya ridha. Akauliza pana nini, hapana kitu. Akajaribu kutengeneza faili jipya. Haiwezekani, mahali hapo hapapo tena. "Nimejifuta mwenyewe," alisema, na wote wawili wakacheka mpaka Rahila akashika tumbo na Bi Zulekha akaja mbio kuangalia kama wakati umefika.

Siku ya mwisho kabla ya safari, Rahila alimwonyesha ratiba ya seva. Ilifunguliwa kwa neno crontab, kistari, na herufi e. "Ile r jirani yake usiiguse, Ami. E inafungua, r inafuta ratiba yote." Kila mstari wa ratiba ulianza na dakika, kisha saa, kisha kazi ya kufanywa. Kwa adhana ya magharibi, ambayo ilifuatiwa na tangazo la futari alilolirekodi Ridha mwenyewe, kazi yake ilikuwa moja tu: kila baada ya siku chache aangalie jedwali la msikiti na kurekebisha ile dakika. "Dakika tu," alisema Rahila. Kisha akapanda gari la kwenda kaskazini.

Kumi la kwanza la Ramadhani lilikwenda salama, kwa sababu Ridha hakugusa chochote. Katikati ya mwezi, asubuhi moja ya mawingu, jedwali la msikiti lilionyesha kwamba magharibi imesogea. Akaketi, akafungua ratiba kwa e, akajipongeza. Akautafuta mstari wa magharibi, akaona dakika mwanzoni mwake. Akairekebisha. Na hapo, kwa bahati mbaya, macho yake yakateleza hadi kwenye namba ya pili. Kumi na nane.

Akakaa akaitazama. Saa kumi na nane ni saa gani? Saa zote alizowahi kuzitangaza maishani mwake ziliishia kumi na mbili, kisha zikaanza upya na moja. Magharibi ni saa kumi na mbili na dakika zake. Ndivyo alivyosema kila siku na ndivyo baba yake alivyosema. Simu yake iliandika sita jioni, naye aliisoma kumi na mbili bila ya kufikiri, kama wanavyofanya watu wote. Kumi na nane hakuwahi kuiona kwenye saa yoyote yenye mishale.

Akafikiri: maskini Rahila. Mimba nzito, joto, usingizi haba. Amekosea. Kwamba hilo kosa lilikuwa limepiga adhana sawasawa kila jioni tangu mwezi uandame, halikumpitikia. Kwa huruma kabisa, akaifuta kumi na nane, akaandika kumi na mbili. Akahifadhi. Kisha akapita ofisini kwa Bi Zulekha.

"Nimesahihisha kijikosa cha Rahila kwenye ratiba," alisema. "Usimwambie, atajisikia vibaya."

"Ahsante, Ridha," alisema Bi Zulekha, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama fundi.

Mchana ule Ridha alikuwa sokoni akichagua magimbi ya futari. Wingu zito la masika lilikuwa limetanda, na adhuhuri ilishaadhiniwa misikitini. Karibu kila duka lilikuwa na redio, na karibu kila redio ilikuwa kwenye Redio Mlezi. Kikapita kipande cha kaswida, kikakatika. Ikaingia adhana nyengine. Watu wakainua vichwa. Ikaisha, na baada yake, kutoka kwenye kila duka kwa pamoja, ikatoka sauti nzito na ya kutulia:

"Ndugu msikilizaji, wakati wa futari umewadia. Kwa wakaazi wa Mtambile na vitongoji vyake, fungueni. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu."

Muuza magimbi, mwanamke aliyeitwa Asya, aliyemjua Ridha tangu utoto, aliitazama redio, akaitazama mbingu, kisha akamtazama yeye.

"Ridha," alisema, "tende unazo, au nikupe hapa hapa?"

Kicheko kilichofuata Ridha alikisikia mgongoni mpaka alipofika kwenye ngazi za redio. Mtu mmoja alipaza sauti akimuuliza kama na tarawehe iswaliwe sasa. Magimbi aliyaacha.

Juu alimkuta Abrahman ameshika simu mbili masikioni, moja kila upande, naye anasema "samahani" kwenye zote. Bi Zulekha alisimama mlangoni pa chumba cha seva mikono kiunoni.

Ridha akaketi. Alitaka kufungua ratiba aone kilichotokea, akaandika mbio mbio lile neno crontab, kistari, na herufi. Herufi ikawa r. Mashine haikuuliza kitu, haikutoa mlio wala onyo. Kijistari kilipepesa tu, kikisubiri amri nyengine.

Ratiba ya redio nzima ilikuwa imekwenda.

Alikuwa amejiapia kutompigia Rahila, kwa sababu Rahila alikuwa amejifungua juzi tu, mtoto wa kike. Akapiga. Akaeleza yote, kumi na nane, kumi na mbili, na ile r, kwa sauti ndogo ambayo hakuna msikilizaji aliyewahi kuisikia. Kisha akasikia kitu kama kikohozi, kisha kicheko kilichopanda, kikavunjika, kikaanza tena, na mama yake Rahila akaichukua simu akasema kwa ukali, "Wee bwana, mwanangu ana kidonda cha uzazi! Usinchekeshee!"

Rahila aliporudi kwenye simu alikuwa anafuta machozi. "Ami, nisikilize. Mashine haizijui saa zetu. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Yenyewe inaanza katikati ya usiku na inakwenda moja kwa moja mpaka ishirini na nne, hairudi nyuma. Saa sita yetu ya mchana ndiyo kumi na mbili yake, na kumi na mbili yetu ya jioni ndiyo kumi na nane yake. Ulipoiandikia kumi na mbili, uliiambia mchana."

"Kwa hiyo haikukosea."

"Haikukosea, Ami. Ilikutii."

"Na ratiba iliyofutika?"

"Nakala ninayo kwenye kompyuta yangu, na kompyuta yangu iko Unguja kwa fundi. Itabidi uiandike upya. Vipindi unavijua kuliko mimi. Mimi nitakuwa nawe kwenye simu mtoto akilala."

Wakaandika. Kipindi kwa kipindi, Ridha alivitaja kwa saa za Kiswahili, akazigeuza kwa saa za mashine, akamsomea Rahila, Rahila akasema sawa au akasema rudia. Taarifa ya asubuhi aliiweka usiku, wakaihamisha. Salamu za wagonjwa alizisahau kabisa, akakumbushwa na Abrahman, aliyekuwa amesogeza kiti nyuma yake bila ya kualikwa. Ridha alishangaa kwamba hakuchukia. Walipofika kwenye vipindi vya dini, Abrahman ndiye aliyesoma jedwali la msikiti, Ridha akaandika. Alasiri ikapigwa kwa wakati wake, na wote watatu, wawili chumbani na mmoja Msuka, wakanyamaza mpaka ilipokwisha.

Magharibi ilipokaribia, Ridha hakuiamini mashine. Alisimama mbele ya kipaza sauti, tende mkononi, tayari kutangaza mwenyewe kama mashine itamgeuka. Haikumgeuka. Adhana ikaingia pale pale ilipotakiwa, ikafuatiwa na sauti yake ikiwaambia watu wafuturu, na baada yake akaongeza mwenyewe, moja kwa moja hewani: "Na hii, ndugu zangu, ndiyo ya kweli. Ile ya mchana ilikuwa ujinga wangu mimi Ridha Masika. Mniwie radhi."

Mambo yangeishia hapo, kisa kingekuwa cha kuchekesha tu. Lakini kesho yake mtu mmoja aitwaye Khatib alikuja redioni akaomba kuonana naye. Alikuwa mstaarabu, na hilo lilimtia Ridha wasiwasi.

"Sikuja kugombana," alisema Khatib. "Ni mama yangu, Bi Kazija. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni jua. Jana alikuwa amelala, mke wangu yuko shamba. Akaamka, giza la wingu, adhana, kisha sauti yako. Akanywa maji."

Kati ya watu wote walioisikia sauti ile, ni mmoja tu aliyeiamini, naye ni yule asiyekuwa na kingine cha kuamini.

Wakaenda pamoja kwa miguu, baada ya alasiri. Bi Kazija alikuwa ukumbini juu ya mkeka, anachambua mchele kwa vidole. Redio ndogo ilikuwa kando yake, imezimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, na mikono ikasimama. "Aa. Wewe ndo yule uliyenambia nfuturu mchana."

"Si mimi, mama. Ilikuwa mashine."

"Mashine ina sauti yako?"

"Ni mimi, mama. Niliona namba nisiyoijua, nikadhani aliyeiandika amekosea. Kumbe sijui mimi."

"Namba gani?"

Akamweleza, maana aliulizwa. Akaeleza kumi na nane na kumi na mbili, na jinsi mashine inavyoanza kuhesabu siku katikati ya usiku. Bi Kazija alisikiliza kwa makini sana.

"Siku ianze usiku wa manane," alisema mwisho, "watu wamelala, jua halipo? Na nyie mkaikubali?"

"Tumeikuta hivyo, mama."

"Basi mna kazi." Akacheka kidogo. "Mwanangu, maji nliyokunywa yalikuwa mafundo mawili. Mke wa Khatib akarudi akanambia ni mchana, nkajizuia mpaka magharibi. Siku hiyo ntailipa, Mungu akinipa uhai. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba tangu jana redio naiogopa. Na mie mchana kutwa niko peke yangu na hiyo redio."

Ridha alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, maneno mazuri. Hakuyatumia.

"Siku utakayoilipa, mama, niambie," alisema. "Tutafunga sote. Nami nitakaa nawe, redio ikisema nikwambie kama kweli."

"Wewe funga yako ya jana si umeitimiza?"

"Nimeitimiza. Lakini yako niliiharibu mimi."

Baada ya Idi, Bi Kazija alichagua siku ya Jumatatu, naye akamtumia Ridha salamu kwa mkono wa Khatib. Mwanawema alipika tambi za sukari, uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi, akamwambia mumewe asithubutu kumwaga njiani. Ridha aliwasili alasiri, akaketi kwenye mkeka na kuchambua mchele, vibaya, kwa hiyo Bi Kazija alirudia kila alichokwisha kuchambua yeye. Walizungumza habari za watu waliokufa na walioolewa. Redio ilikuwa imewashwa kwa sauti ya chini, na kila kilipobadilika kipindi alimtazama mama yule, akamwona ametega sikio.

Adhana ya magharibi ilipoingia redioni, Bi Kazija alishika tende lakini hakuila. "Toka nje uniangalilie," alisema. Ridha akatoka, akasimama barazani. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mikarafuu, na msikitini mwadhini alikuwa ameshaanza.

"Kweli, mama."

Akala. Akanywa maji, mafundo mengi zaidi ya mawili. Walipokwisha kuswali na kula, Bi Kazija alijifuta mikono akasema kwamba uji umemkolea pilipili lakini muhogo haukuwa na kasoro, na kwamba ana neno la kumwambia.

"Kile kipindi cha hadithi za zamani," alisema, "mnakipiga saa ambayo mie nalala. Wewe ndo mwenye mashine. Hebu nisogezee kije asubuhi."

Ridha alifungua kinywa kusema kwamba ni jambo dogo. Akakifunga. Rahila alikuwa anatarajiwa kurudi kazini baada ya miezi miwili, na hata kwa simu bado alipatikana mtoto akilala.

"Nitamuuliza Rahila kwanza, mama," alisema.

"Ni nani huyo?"

"Mwalimu wangu," alisema Ridha, na akamsogezea sahani ya tambi.